Vumbi la kazini: Maradhi yanayokuja polepole na haki ambazo wengi hawazidai



Tunapozungumzia hatari za kazini, wengi wetu fikra zetu huenda kwenye ajali. Tunafikiria fundi aliyeanguka kutoka juu ya ghorofa, seremala aliyekatwa vidole na msumeno, au kuli aliyeangukiwa na mzigo. Haya yapo, na yanaumiza. Lakini Shirika la Kazi Duniani (ILO), katika makadirio yake yaliyotolewa mwaka 2023, lilisema kuwa karibu watu milioni 3 hufariki kila mwaka kutokana na kazi zao. Kati yao, waliofariki kwa ajali ni kama 330,000 tu. Waliobaki, takriban milioni 2.6, waliuawa na maradhi waliyoyapata kazini.

Maana yake ni kwamba kwa kila mtu mmoja anayekufa kwa ajali ya kazini, wapo takriban wanane wanaokufa kwa maradhi ya kazini. Ajali ina kelele, watu hukusanyika, polisi huja, na kila mmoja anajua kuwa ni kazi iliyomdhuru. Maradhi hayana kelele. Mtu anakohoa mwaka huu, mwaka ujao anachoka akipanda ngazi, na mwaka wa kumi anafukuzwa kazi kwa kuwa "hana nguvu tena." Anarudi nyumbani, mkewe na watoto wanamuuguza, na hakuna anayeuliza yale maradhi yametoka wapi.

Leo, Insha'Allah, tutazungumzia chanzo kimoja tu cha maradhi hayo, nacho ni vumbi. Tutaeleza linavyodhuru, namna ya kulizuia, na kisha sheria inasema nini juu ya anayelivuta na anayemwajiri.

Vumbi linaingiaje mwilini?

Mwenyezi Mungu ameuumba mwili na walinzi wake. Vinyweleo vya puani huzuia vumbi kubwa. Lile linalopita hunaswa na ute ulio kwenye koo na njia za hewa, kisha hupandishwa juu na kutolewa kwa kukohoa na kupiga chafya. Ndiyo maana baada ya kufagia uwanja mkavu unapopenga kamasi unaona uchafu. Huo ni ushahidi kuwa walinzi wako wanafanya kazi.

Tatizo ni vumbi lile dogo kabisa. Chembe ndogo kuliko sehemu ya kumi ya unene wa unywele hazionekani kwa macho, huelea hewani kwa saa nyingi baada ya mashine kuzimwa, na hupita walinzi wote hao hadi kwenye vifuko vidogo vya mapafu ambako damu huchukua hewa safi. Kwa hiyo usijidanganye kwamba karakana haina vumbi kwa kuwa huoni ukungu. Lile linaloonekana ndilo lenye nafuu, na lisiloonekana ndilo linalofika ndani.

Likishafika huko, athari yake hutegemea ni vumbi la kitu gani. Si vumbi zote ni sawa.

Kazi zetu na vumbi lake

Vumbi la mawe. Hili huwapata wachimbaji wadogo wa dhahabu na madini, wanaosaga mawe kwenye karasha, wanawake na watoto wanaoponda kokoto, mafundi wanaokata vigae na zege kwa mashine, na wanaochimba visima. Mawe mengi na mchanga vina madini yaitwayo silika. Chembe za silika zikifika kwenye mapafu, seli za ulinzi huzimeza ili kuziondoa, lakini seli hizo hufa na kumwaga kemikali zinazotia mapafu kovu. Seli nyingine huja, nazo hufa, na kovu huongezeka. Mapafu yaliyokuwa laini kama sifongo huwa magumu. Ugonjwa huu huitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, na unaweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi. Kwa kawaida huchukua miaka 10 au zaidi kujitokeza, lakini pale vumbi linapokuwa zito sana huweza kuonekana katika miaka michache au hata chini ya mwaka. Aidha, mwenye silika mapafuni hushambuliwa kwa urahisi zaidi na kifua kikuu, na tangu mwaka 1997 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanaotafiti saratani wameiweka silika katika orodha ya visababishi vya saratani ya mapafu.

Vumbi la mbao. Seremala anapopiga randa, kukata au kupiga msasa, vumbi lake huwasha macho, pua na ngozi, na huweza kuleta pumu. Mvule unajulikana sana kwa kuwasha na kuleta pumu. Vumbi la mbao nalo limewekwa katika orodha hiyo hiyo, kwa kuwa husababisha saratani ya ndani ya pua kwa waliolivuta kwa miaka mingi.

Vumbi la unga. Wengi hushangaa kusikia kuwa unga, chakula chetu cha kila siku, unaweza kumdhuru mtu. Lakini anayefanya kazi kwenye mashine ya kusaga na kukoboa, au kwenye kiwanda cha mikate, anavuta unga huo kwa saa nyingi kila siku. Mwili wa baadhi yao hufika mahali ukaukataa, nao hupata pumu. Akishaipata, hata unga kidogo humbana kifua.

Vumbi la katani, pamba na kahawa. Wafanyakazi wa viwanda vya kusokota na kusafisha nyuzi, na wa vinu vya kuchambua pamba, huweza kupata kubanwa kifua kwa namna ya pekee. Mtu hubanwa zaidi siku ya kwanza anaporudi kazini baada ya mapumziko, kisha huona nafuu siku zinazofuata. Akiachwa hivyo miaka mingi, ile nafuu hutoweka na kifua hubaki kibovu siku zote. Vumbi la kahawa mbichi nalo huleta kikohozi na mzio kwa wanaoikoboa na kuipakia.

Kwa nini huchelewa kugundulika?

Sababu ya kwanza ni kuwa dalili zake zinafanana na za maradhi mengine: kikohozi, kubanwa kifua, kuishiwa pumzi, kuchoka na kupungua uzito. Mgonjwa huenda zahanati, akapewa dawa ya kikohozi, akarudi kazini. Au hutibiwa kifua kikuu mara ya kwanza na ya pili, na hakuna anayetazama kama mapafu yake yana kovu la mawe.

Sababu ya pili ni kuwa mgonjwa hasemi anafanya kazi gani, na tabibu haulizi. Mwaka 1700 tabibu mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika kitabu kizima juu ya maradhi ya mafundi: wachonga mawe, wasaga nafaka, waokaji mikate na wengineo. Aliwausia matabibu wenzake kwamba katika maswali wanayomuuliza mgonjwa waongeze moja: wewe kazi yako ni nini? Zaidi ya miaka 300 imepita na swali hilo bado husahaulika. Basi wewe mgonjwa usisubiri kuulizwa. Ukifika hospitali sema: "Nafanya kazi ya kusaga mawe, mwaka wa sita sasa," au "Nipo kwenye mashine ya unga." Omba maneno hayo yaandikwe kwenye cheti au faili lako. Utaona mbele kwa nini maandishi hayo ni muhimu.

Jichunguze kwa maswali haya: Je, kikohozi au kubanwa kifua hupungua siku za mapumziko au ukiwa likizo, kisha hurudi ukirudi kazini? Je, wenzako wa kazini nao wanakohoa? Je, unachoka kwa kazi ambayo mwaka jana hukuiona nzito? Ukijibu ndiyo, usikae. Kapime kwa eksirei na kipimo cha nguvu ya kupumua. Na kikohozi kinachozidi wiki 2 kipimwe kifua kikuu bila kuchelewa, kwani kifua kikuu kinatibika, na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali.

Maangamizi yaliyozuilika

Asije mtu akadhani kuwa elimu hii ni mpya, au kwamba wenye kazi hawaijui. Katika miaka ya 1930 na 1931 huko West Virginia, Marekani, kampuni moja ilichimba handaki la kupitisha maji mahali paitwapo Hawk's Nest. Mwamba wake ulikuwa umejaa silika. Vibarua, wengi wao Wamarekani weusi waliokuja kutafuta riziki wakati wa dhiki kubwa ya uchumi, walitoboa mwamba huo mkavu, bila maji na bila vifaa vya kujikinga. Ilikwishajulikana wakati huo kuwa kutoboa kwa maji hupunguza vumbi, lakini kutoboa pakavu kulikuwa kwepesi na kwa haraka. Wengi walianza kufa ndani ya miezi, si miaka. Bunge la Marekani lilifanya uchunguzi mwaka 1936, na mtafiti aliyerejea suala hilo miaka ya 1980 alikadiria waliokufa kuwa 764.

Kilichokosekana pale ni maji tu. Leo hii, karibu karne nzima baadaye, utawakuta vijana wetu wakikata vigae na zege pakavu, wamefunikwa na vumbi jeupe kuanzia kope hadi viatu. Na kilichokosekana ni kile kile.

Kinga: anza na vumbi, si na mtu

Waajiri wengi, wakiambiwa habari ya vumbi, hununua barakoa wakaona wamemaliza. Wataalamu wa usalama kazini wanapanga hatua kwa utaratibu, na barakoa ni ya mwisho katika orodha. Utaratibu wenyewe ni huu:

1. Ondoa kabisa kinachodhuru, ukiweza. Nchini Australia, baada ya vijana wengi waliokuwa wakikata mawe ya kutengenezwa kiwandani kwa ajili ya kaunta za jikoni kupata silikosisi, serikali ilipiga marufuku mawe hayo kuanzia Julai 1, 2024. Hawakusema vijana wavae barakoa nzuri zaidi.

2. Lowesha. Maji yakimiminika kwenye jiwe, kigae au zege linalokatwa, vumbi halipandi. Hata ndoo na mpira mdogo husaidia. Mashine iwe inayofaa kutumiwa na maji, ili usikimbie vumbi ukapigwa na umeme.

3. Nyonya vumbi pale pale linapotoka, kwa feni ya kuvuta nje, na si feni inayolipeperusha kwa jirani. Kwenye mashine ya unga, ziba mahali unga unapovuja, na mfuko wa kupokelea ufungwe vizuri mdomoni.

4. Fanya kazi mahali pa wazi, upepo ukitoka mgongoni mwako. Wasiohusika, hasa watoto na wauza chakula, wakae mbali.

5. Punguza muda. Watu wapokezane kazi yenye vumbi, asiachiwe mmoja siku nzima.

6. Kisha, pamoja na hayo yote, vaa barakoa inayofaa. Kitambaa, kanga au barakoa nyepesi ya hospitali haizuii vumbi dogo. Inayotakiwa ni ile iliyoandikwa N95 au FFP2, au bora zaidi ya hapo, nayo hubadilishwa ikichafuka au ikilegea.

Hapa kuna jambo linalotuhusu Waislamu hasa. Barakoa ya aina hii hufanya kazi kwa kubana usoni pande zote. Mwenye ndevu haimbani, na hewa yenye vumbi hupenya pembeni. Hatumwambii mtu anyoe ndevu zake. Tunachosema ni kuwa mwenye ndevu asidanganyike kuwa amekingwa. Vipo vifaa vya kofia yenye kioo na feni ndogo inayosukuma hewa safi, ambavyo havihitaji kubana usoni. Ni ghali, na mwajiri asiyevimudu ana sababu zaidi ya kutilia mkazo maji na feni za kunyonya, au kumpangia ndugu huyo kazi isiyo na vumbi.

Jambo la pili ni mavazi. Kanzu, buibui, mtandio na ushungi unaoning'inia ni hatari karibu na mkanda wa mashine ya kusaga, mhimili unaozunguka au msumeno. Mashine ikinasa pindo la nguo haimpi mtu nafasi ya kujinasua. Stara haiondoki kwa kuvaa hijabu fupi iliyochomekwa ndani ya koti la kazi, na suruali pana iliyobanwa chini. Mwajiri anapotaka nguo zisining'inie ana haki. Anapomfukuza dada kwa sababu ya hijabu iliyofungwa vizuri isiyo na hatari yoyote, hana haki, kwa kuwa sheria ya ajira inakataza ubaguzi wa dini.

Jambo la tatu ni kujipuliza kwa kompresa. Vijana wengi jioni hujipuliza mwilini ili watoe vumbi. Wasifanye hivyo. Vumbi lote lililokuwa kwenye nguo huruka na kuvutwa upya, na upepo ule wenye nguvu unaweza kuharibu jicho au sikio, au kuingia mwilini kupitia jeraha.

Vumbi linalokuja nyumbani

Mama msomaji, maneno haya ni yako. Nguo za kazi za mume au mtoto zisikung'utwe mlangoni wala ndani. Ziloweshwe kwanza kwenye ndoo, kisha zifuliwe peke yake, mbali na nguo za watoto. Maji yake yamwagwe yasije yakakaukia uani na kuwa vumbi tena. Baba naye abadilishe nguo na aoge kazini inapowezekana, na kama haiwezekani, basi kabla ya kumbeba mtoto. Vyombo vya kazi visilazwe chumbani. Na mahali penye vumbi pasifagiliwe pakavu, panyunyizwe maji kwanza.

Mfungo wa Ramadhani

Swali huulizwa na wanaofanya kazi kwenye mashine za unga: je, vumbi linaloingia kooni linabatilisha swaumu? Vitabu vya fiqhi vimelijibu zamani, tena kwa kutaja vumbi la njiani na vumbi la kuchekecha unga kwa majina yake. Lile lisiloweza kuepukika halifunguzi. Lakini msamaha huo ni wa swaumu. Mapafu hayana msamaha huo, nayo hudhurika Ramadhani kama yanavyodhurika Shaaban.

Mwenye pumu anayetumia dawa ya kuvuta asiiache kwa sababu ya mfungo bila kushauriana na daktari. Dawa za kuzuia, ambazo wengi hutumia mara mbili kwa siku, zinaweza kupangwa wakati wa daku na futari. Kuhusu kuivuta mchana, wanazuoni wa zama hizi wamekhitilafiana, basi muulize sheikh unayemwamini mapema. Akibanwa kifua mchana, uhai hutangulia, na mgonjwa ana ruhusa yake. Mwajiri mwenye busara husogeza kazi nzito za juani ziwe asubuhi, maana anayefunga hana maji ya kufidia jasho.

Sheria inasema nini?

Tunazungumzia hapa Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake, zikiwemo Sheria ya Usalama na Afya Kazini Na. 8 ya 2005 na Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005, na walioko huko waulize kwenye ofisi za kazi za huko.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003 inamtwika mwajiri wajibu wa kuhakikisha kazi haimdhuru mfanyakazi. Mahali pa kazi pasajiliwe kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), wafanyakazi wapewe mafunzo na vifaa vya kujikinga, na wanaofanya kazi za hatari wapimwe afya wanapoanza na mara kwa mara wakiwa kazini. Mfanyakazi naye ana wajibu wa kuvitumia vifaa alivyopewa na kufuata maelekezo. Mwaka 2022, mkutano wa ILO uliingiza mazingira salama na yenye afya kazini miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 inaweka saa za kawaida kuwa zisizozidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Mfanyakazi aliyetimiza zaidi ya miezi 6 akiugua, na akaleta cheti cha daktari, ana siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Na kumwachisha mtu kazi kwa sababu tu amedai haki aliyopewa na sheria si sababu halali.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Na. 20 ya 2008 ndiyo iliyounda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi Julai 2015. Hapa wengi wanapitwa. Fidia hii si ya ajali peke yake, bali pia ya maradhi yaliyotokana na kazi. Inahusu matibabu, malipo ya ulemavu wa muda au wa kudumu, utengamao, na pensheni kwa wategemezi pale mfanyakazi anapofariki. Michango ni ya mwajiri, na mfanyakazi hakatwi. Lakini dai linatakiwa lifikishwe ndani ya miezi 12 tangu ugonjwa kugundulika. Mjane anayeletewa habari hizi miaka mitatu baadaye amekwishachelewa.

"Mimi ni kibarua tu, sina mkataba"

Hili ndilo jibu tunalolisikia zaidi, na ndilo linalowafanya wengi wakae kimya. Kuna mambo mawili ya kujua.

Kwanza, Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya 2004 imeweka vigezo ambavyo hata kimoja kikitimia, mtu huchukuliwa kuwa ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Miongoni mwavyo: anafanya kazi chini ya usimamizi wa huyo mtu, anapewa vifaa vya kazi na mtu huyo, anategemea kipato chake kwake, au amemfanyia kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Saa 45 kwa mwezi ni chache. Anayekwenda kwenye mashine siku mbili tu kwa wiki anazipita.

Pili, kuandika masharti ya ajira ni kazi ya mwajiri. Kesi ikifika mbele ya sheria naye akashindwa kutoa maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye.

Kwa hiyo fanya haya kuanzia leo, hata kama hujaugua:

1. Weka daftari dogo. Andika tarehe ulizofanya kazi, mahali, kazi yenyewe na malipo uliyopokea. Malipo ya simu usiyafute.

2. Mwambie mwajiri kuhusu vumbi, kwa adabu, ukiwa na mwenzako shahidi. Ikiwezekana iwe kwa maandishi, ubaki na nakala. Mkienda watu watatu ni bora kuliko mmoja.

3. Ukiugua, tunza vyeti vyote na picha za eksirei mahali pakavu, na hakikisha kazi yako imeandikwa.

4. Daktari akisema maradhi yametokana na kazi, mjulishe mwajiri mara moja, na ufike WCF mwenyewe kuuliza. Hali ya mahali pa kazi ipelekwe OSHA.

5. Ukiachishwa kazi isivyo halali, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Kwa migogoro mingine ya kazi, muda ni siku 60. Chama cha wafanyakazi kinaweza kukusaidia kujaza fomu.

6. Mweleze mkeo, mumeo au mtoto mkubwa zilipo karatasi hizo. Wao ndio watakaozihitaji siku wewe hutaweza kusema.

Na wewe unayeajiri

Msomaji mwenye mashine ya kusaga, karakana ya samani, au anayejenga nyumba, wewe pia umo. Hata kamati za misikiti na madrasa zinapojenga, wanaokata vigae na kuchanganya saruji ni watu wenye mapafu, wawe wanalipwa au wanajitolea. Waislamu tunaijua vizuri amri ya kumlipa mtu ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Lakini kuna anayelipa ujira kamili jioni, na huku kila siku anachukua sehemu ya pumzi ya aliyemlipa. Hilo nalo ni deni.

Gharama si kubwa kiasi hicho. Pipa la maji na mpira, feni moja ya kuvutia vumbi nje, barakoa za kufaa, mahali pa kuogea na kubadili nguo, na daftari la majina ya wafanyakazi. Mwajiri aliyejisajili WCF na kuchangia humkinga mfanyakazi, na huikinga pia biashara yake isije ikafilisika kwa dai moja kubwa. Anayesema hana uwezo wa kununua maji ya kulowesha mawe ajiulize kama ana uwezo wa kumtunza mjane na mayatima.

Jioni hii, mtu wako akirudi kutoka kazini, mtazame nywele na kope zake. Ukiona vumbi, muulize ni la nini, ana miaka mingapi nalo, na tangu lini anakohoa. Kisha chukueni daftari muanze kuandika. Wabillahi tawfiq.